Shimo kwenye Ngoma ya Nne

"Na leo usiniite wifi," alisema Fundi, bado amesimama mlangoni na viatu mkononi. "Niite prodyuza. Niite yule aliyeacha mashimo albamu nzima. Si ndivyo ulivyosema redioni, au nakusingizia?"

"Nilisema mashimo kwa sababu yapo." Bi Mizani hakuinua macho kwenye pasi. Alikuwa kwenye kola ya shati, na kola haitaki mzaha. "Ingia ufunge mlango. Majirani hawajalipa kiingilio."

"Waache wasikie! Wewe umenianika kwa mji mzima, mimi nimwogope jirani mmoja anayekung'uta mkeka?"

"Basi ingia kwa sababu mama amelala."

Hapo Fundi aliingia. Mama aliyelala alikuwa mama yake mzazi, mama mkwe wa Bi Mizani, na alikuwa chumba cha nyuma tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Bi Mizani lilikuwa jina la redioni. Siku za kazi alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha mikate. Alisimama pale mikate inapotokea, akiondoa iliyopinda, iliyopasuka na iliyopungua uzito, na wapakiaji walimwogopa kuliko meneja. Stashahada yake ya chuo ilikuwa ya mambo hayo hayo, vyakula na vipimo. Rap, muziki wa kuchana mistari, ilikuwa ugonjwa wake tangu usichana. Siku moja alipiga simu kwenye kipindi cha Jumamosi kulalamika kwamba albamu waliyokuwa wakiisifu "imeumuka nje, ndani mbichi." Mtangazaji alicheka mpaka akashindwa kusoma matangazo. Wiki iliyofuata wakampigia wao. Tangu hapo, kila Jumamosi saa tisa alasiri, alihakiki albamu moja mpya, na kabla hajafungua mdomo ilipigwa sauti ya king'ora na mtu mwenye besi akanguruma: "Bi Mizani! Hakosei!"

Yeye mwenyewe aliona ni ujinga. Lakini hakuwahi kuwaambia waitoe.

Fundi alikuwa kitinda mimba wa mama yule, dada mdogo wa mwisho wa mume wa Bi Mizani. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi na misumari, kuta zimevishwa magodoro yaliyostaafu. Humo ndimo alimopikia biti, akarekodi, akachanganya sauti, na mwaka huu wote alikuwa akiihangaikia albamu moja: *Ukuta wa Kati*, ya mchanaji aitwaye Chuma. Ilikuwa hadithi ya mke na mume wa nyumba ya kupanga wanaogombana bila kuonana, mmoja huku wa ukuta, mwingine kule.

Jumamosi iliyopita Bi Mizani aliipima. Haikufikisha uzito.

"Rudia ulivyosema," alisema Fundi. "Nataka kukusikia ukiwa unanitazama."

Bi Mizani alisimamisha pasi wima mezani. "Nilisema ni ndoa ya mtu mmoja. Bwana anauliza, bwana anasubiri, bwana anajijibu. Pale mke alipotakiwa kusema, biti inatembea peke yake kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nikasema Chuma ameandika albamu ya ndoa akamwacha mke nje ya mlango, na prodyuza akamshikia ufunguo."

"Ukamalizia?"

"Nikamalizia kwamba nimechoka na wanaume wanaotuimba bila kutupa nafasi ya kupumua. Na sijutii. Nikisifu kazi yako kwa sababu ni yako, kesho nitasimama vipi mbele ya kazi ya mtu mwingine? Ndugu au si ndugu, mkate uliopinda umepinda."

"Wifi," alisema Fundi, akisahau kwamba neno hilo leo lilikuwa limepigwa marufuku, "mke yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo albamu nzima! Ngoma ya nne ana ubeti wake wote, mistari kumi na sita, Chuma hatii neno!"

"Ngoma ya nne ndiyo yenye shimo kubwa kuliko zote."

"Unaona sasa? Unaona roho yako ilivyo?" Fundi alitupa viatu chini. "Ungesema anachana vibaya, ningekubali. Ungesema sauti yake kama mlango wenye kutu, ningenyamaza. Lakini kumfuta mtu! Kusema hayupo! Nimekufanyia nini mimi? Ni kwa sababu siji kumhudumia mama? Sema tu kwamba ni hilo."

"Sijamfuta mtu. Nimeisikiliza mara tatu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwanamke hakuna."

"Mara tatu!"

"Mara tatu. Nilivyoisikiliza hiyo albamu, hata mume wangu sijawahi kumsikiliza hivyo."

Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ya kijiko juu ya kikombe cha bati, ting, ting, ting. Bi Mizani alichomoa pasi ukutani na kuondoka kabla kijiko hakijatua mara ya nne. Mama mkwe alitaka kugeuzwa upande.

"Nani anafoka huko?"

"Mwanao, mama."

"Yule wa muziki? Mwambie kama amekuja kulia alie polepole. Nilikuwa nimeupata usingizi, umeniponyoka."

Bi Mizani alimshika mabegani na kiunoni, akamgeuza kama alivyofundishwa na muuguzi, akaweka mto katikati ya magoti. Aliporudi sebuleni, Fundi alikuwa amesimama kando ya meza ya kupigia pasi. Mkononi alikuwa na simu ya wifi yake na eafoni zake, zile nyeupe za waya ambazo upande mmoja ulikuwa mweusi kwa kushikwa na mwingine msafi kama wa dukani.

"Hizi unazisikilizaje?" aliuliza Fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla.

"Kwa masikio. Watu wengine huzisikilizaje?"

"Nionyeshe."

"Wifi, nina mashati ya watoto hapa..."

"Nionyeshe tu."

Bi Mizani alichukua eafoni, akaichomeka ile nyeusi sikio la kushoto, na ile safi akaiacha ining'inie kifuani. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kanga.

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo huwa haiingii. Sikio la kulia ni la mama yako." Alisema kwa ukali, maana alikuwa bado kwenye ugomvi na hakujua kwamba ugomvi umekwisha. "Nikiziba yote mawili, akigonga kikombe nitamsikia kwa macho? Akijaribu kushuka kitandani peke yake, utakuja wewe kumwokota? Nasikiliza nikipiga pasi, nasikiliza nikiosha vyombo, sikio moja la kazi, sikio moja la nyumba. Ndivyo ninavyoishi tangu alipoanguka. Unaniuliza nini kingine?"

Fundi aliketi kwenye kiti chenye nguo ambazo hazijapigwa pasi, juu ya nguo zenyewe.

"Chuma yuko kushoto," alisema. "Mume yuko sebuleni, nimemweka kushoto. Mke yuko jikoni. Nimemweka kulia. Kulia kabisa, wifi, hata punje yake haivuki. Ndio ukuta wenyewe. Ndiyo albamu yenyewe."

Nje, jirani alikuwa bado anakung'uta mkeka wake.

Bi Mizani aliitazama ile eafoni safi iliyokuwa ikibembea juu ya tumbo lake. Kitu cha kwanza alichokihisi hakikuwa aibu. Kilikuwa kile anachokihisi kiwandani mizani inapogundulika kuwa haikuwa imerudishwa kwenye sifuri, na mikate ya asubuhi nzima imeshakwenda madukani.

"Lakini Jumamosi walipiga kipande redioni," alisema, akijua anajitetea. "Hata mtangazaji hakusikia mwanamke."

"Walipiga ngoma ya kwanza. Ya kwanza ni Chuma peke yake, anafungua mlango anakuta nyumba kimya. Wewe ndiye uliyewaambia wapige hiyo."

Ilikuwa kweli.

Fundi alifungua mkoba wake, akatoa hedfoni zake kubwa za kazini, zenye ngozi iliyobabuka. "Vaa. Mimi nitamsikiliza mama."

"Hujui kumgeuza."

"Nitajifunza sasa hivi. Vaa."

Kwa hiyo Bi Mizani aliketi chini, mgongo ukutani, akaziba masikio yote mawili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama mkwe aanguke, na mwili haukutaka. Shingo ilibaki imeelekea chumba cha nyuma. Ilibidi afumbe macho.

Ngoma ya nne ilianza kama alivyoijua. Kushoto, kiti kinalia, mtu anaketi. Chuma anachana kwa hasira iliyofungwa kamba: nani kazima taa, nani kahamisha funguo, mbona nauliza hujibu. Ngoma inadunda katikati, pigo moja zito, kisha nafasi. Juma lililopita aliisema nafasi ile. Alisema pigo linaita na hakuna pigo linaloitikia, prodyuza ni mvivu. Sasa, kulia, kitu kiliitikia. Kilikuwa cherehani. Mguu wa mtu ulikanyaga, sindano ikatembea tatatatata, ikakata pale pale pigo zito liliporudi. Baada ya hapo ilisikika bomba likidondosha maji kwenye sufuria. Huko kulikuwa na jiko zima, na ndani ya jiko kulikuwa na mtu anayevuta pumzi.

Kushoto Chuma akanyamaza. Lilikuwa lile shimo.

*Umepanga maneno sebuleni kama viti vya wageni,*
*mimi niko huku jikoni, jibu liko ulimini.*
*Unasema sisemi? Nimesema toka jana,*
*ukuta umenisikia, bado wewe tu, bwana.*

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa bapa, imebana, kama ya mtu aliyezoea kusema akiwa amebana pini kwa meno. Mwisho wa kila mstari pumzi ilimwishia, akaiacha imwishie, hakuificha. Alikuja nyuma kidogo ya biti, kila mara nyuma kidogo, kama mwanamke anayemaliza kwanza anachokifanya ndipo akujibu. Mistari kumi na sita. Hakupandisha sauti hata mmoja. Wa mwisho aliusema huku cherehani imesimama.

Bi Mizani alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akaenda ya tano, ya sita, akiruka humo na humo, na kila mahali alipokuwa ameandika kichwani mwake *hakuna*, palikuwa na mtu.

Alipovua hedfoni, sebule ilikuwa tupu. Fundi alitokea chumba cha nyuma, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye viwiko, beseni mkononi, uso umemshuka.

"Aligonga," alisema. "Hukusikia."

"Sikusikia."

"Hivi hili unalifanya mara ngapi kwa siku?"

"Sihesabu. Maji ya kuoshea yako kwenye ndoo ya bluu, si ile nyingine."

Fundi alikwenda, akamwaga, akaosha, akarudi. Alikaa mbali kidogo, akinusa mikono yake kwa siri. Kwa muda walikuwa kama watu wawili waliogongana njiapanda na kila mmoja anaangalia kwanza kilichovunjika kwake.

"Ni nani huyo mwanamke?" aliuliza Bi Mizani.

"Mkewe. Mke wa Chuma, mke wa kweli. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake pale nyuma ya kituo cha mafuta. Hajawahi kushika maiki. Alikuja studio kumletea Chuma chakula, akamsikia anavyochana kuhusu mke, akasema, 'Mke gani huyo? Mimi nisingesema hivyo.' Nikamwambia, basi ungesemaje? Akasema. Nikamwambia rudi kesho na cherehani."

Bi Mizani alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. "Jumamosi alinisikia?"

"Wifi, acha."

"Alinisikia au hakunisikia?"

"Aliweka redio dirishani pa kibanda," alisema Fundi. "Aliwaambia wateja wake wote. Mwenye duka la jirani, mwenye saluni, hata wale vijana wa bodaboda. Wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri kusikia Bi Mizani atasema nini juu yake. Wakakusikia unasema hayupo." Alijikuna kiganja. "Mwenye saluni akamwuliza, kumbe wewe ulipeleka chakula tu?"

Bi Mizani aliinuka, akachomeka pasi, akachukua shati la mtoto, akalilaza mezani, akalitazama. Hakulipiga. Angeweza kuvumilia kwamba amemkosea Fundi. Fundi alikuwa ndugu, na ndugu hukosana na kupatana kwa sahani moja. Lakini mtu yule hakumjua. Alikuwa amesimama redioni kumtetea mwanamke asiyepewa nafasi, akapigiwa makofi ya wasikilizaji, na wakati ule ule mwanamke mwenyewe alikuwa anasema, anasema, ndani ya eafoni iliyokuwa ikining'inia juu ya aproni yake.

"Kuna jingine," alisema Fundi. "Ndilo lililonileta. Chuma amenipigia asubuhi. Anataka nimtoe."

"Umtoe nani?"

"Mkewe. Anasema, kama Bi Mizani mwenye sikio lile amesikiliza na hakumsikia kabisa, basi hana uzito. Sauti yake haifiki. Amempata mwimbaji wa kike mwenye jina, atakuja leo jioni kuimba viitikio mahali pa ubeti wa mke, katikati, kama kila albamu. Na CD zinachapwa Jumatatu. Nimebishana naye mpaka nimekauka. Ananiambia, 'Fundi, mimi nampenda mke wangu, lakini Bi Mizani hakosei.'"

"Na yeye mke amesemaje?"

"Amesema sawa. Amesema ana sare za shule za kumalizia."

Bi Mizani alihisi joto la pasi likimpanda usoni. "Mpigie Chuma. Nipe niongee naye."

"Nimeshafikiria hilo. Hatanielewa, wala wewe hatakuelewa. Ataona nimekuja nyumbani kwa wifi yangu kukuomba. Undugu. Ungekuwa wewe ungeamini?"

"Nisingeamini."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Simu ya redio ingelia wakati wowote. Tangu ugonjwa wa mama mkwe hakuwa akienda kituoni, alihakiki kwa simu, mlango wa stoo umefungwa, amekaa juu ya gunia la mkaa. Albamu ya leo ilikuwa nyingine kabisa, ya vijana watatu wanaopiga kelele juu ya magari. Alikuwa ameshatayarisha maneno makali.

"Sikiliza," alisema Fundi, akimsogelea. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na badala yake amekuwa mdogo wa watu tena. "Sema tu kwamba umeirudia. Sema imekuingia taratibu, kuna albamu ambazo huingia taratibu. Sema mke anasikika vizuri ukizoea. Si lazima useme habari za eafoni. Jina lako litabaki, na Chuma labda..."

"Labda."

"Labda atasita."

"Hatasita," alisema Bi Mizani. "Nikisema imeniingia taratibu, maana yake sauti ile ni hafifu mpaka uizoee. Nitakuwa nimemthibitishia." Aliizima pasi. "Mkate ukirudishwa kiwandani wanataka kujua jambo moja. Kosa ni la mkate au la mizani?"

"Wifi, utachekwa. Yule mtangazaji na king'ora chake? Watu watakuita Bi Sikio Moja mpaka uzeeke."

"Najua."

"Na unaweza kuwaambia sababu. Ulikuwa unamwangalia mgonjwa. Watakuonea huruma, hata mimi..." Fundi akasita. "Hata mimi imenichoma. Lile sikio nilipaswa kulishika mimi."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana Bi Mizani alikuwa ameshaliona. Alikuwa ameliona tangu aliposema *sikio la kulia ni la mama yako* na kumwona wifi yake akikaa chini kama aliyepigwa. Ilikuwa silaha nzuri. Mgonjwa, mkwe mwema, mume dereva wa malori yuko barabarani. Angeweza kutoka redioni amekosea na bado amesifiwa.

"Nikwambie kitu?" alisema. "Mara ya kwanza nilipoisikiliza, kwenye ngoma ya nne nilishtuka. Shimo lilikuwa kubwa mno. Mtu anayejua kazi kama wewe haachi shimo la ukubwa ule kwa bahati mbaya. Nilijua. Sekunde moja tu, nilijua kuna kitu, nikafikia hata kuinua hii ya pili." Aligusa eafoni safi. "Kisha nikapata yale maneno, ndoa ya mtu mmoja. Yakawa matamu. Na yalikuwa yanakupiga wewe, ambaye huji hapa ila sikukuu. Nikafurahi, wifi. Nikaiachia ikaning'inia. Mama yako siku hiyo alikuwa amelala fofofo."

Macho ya Fundi yalijaa, lakini hakulia, na hakusema *haidhuru*.

"Asante kwa kusema," alisema mwishowe, kwa ubaridi kidogo, na Bi Mizani aliona ubaridi ule unamstahili.

Simu ikalia.

"Dada yetu!" alisema mtangazaji, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anatabasamu. "Dakika moja tunaingia hewani. Leo bosi mwenyewe yuko studio, amekuja kukusikia. Wale vijana watatu wachinje, tafadhali, watu wana hamu."

"Una ile albamu ya Jumamosi iliyopita hapo? *Ukuta wa Kati*?"

"Ipo kwenye kompyuta. Kwani?"

"Weka ngoma ya nne tayari."

"Dada, leo ni vijana watatu..."

"Weka tayari."

Hakwenda stoo. Alibaki pale pale sebuleni, mkono mmoja juu ya meza ya kupigia pasi, eafoni zote mbili masikioni, ile nyeusi na ile safi. Fundi alielewa bila kuambiwa. Alikwenda kusimama katika mlango wa chumba cha nyuma, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Humo ndani redio ndogo ya mama mkwe ilikuwa imeshafunguliwa, na king'ora kikalia huko na kikalia simuni, na yule mwenye besi akanguruma kwamba Bi Mizani hakosei. Kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno hayo kwa masikio yote mawili.

"Mabibi na mabwana, mizani imefika!" alipaza mtangazaji. "Dada, leo nani yuko juu ya kisahani?"

"Mimi," alisema Bi Mizani.

Mtangazaji alicheka. Yeye akangoja amalize.

"Jumamosi iliyopita nilisema kwamba katika albamu ya *Ukuta wa Kati* mwanamke hayupo. Nilisema prodyuza ameacha mashimo. Nilikosea. Nilisikiliza kwa eafoni moja. Mume yuko upande wa kushoto na mke yuko upande wa kulia, na mimi upande wa kulia sikuuweka sikioni hata mara moja, mara zote tatu. Nilihukumu nusu ya kazi nikaiita nzima."

"Ha! Bi Mizani leo ameamka na utani..."

"Si utani. Na sikuwa na sababu ya maana. Shimo lilinishtua, ningeweza kuangalia, sikuangalia, kwa sababu maneno yangu yalikuwa yamenipendeza. Prodyuza ni wifi yangu, mlijue hilo pia, kwa hiyo msiniamini. Msiniamini mimi leo wala Chuma asiniamini. Sikilizeni wenyewe."

Kijiko kikagonga kikombe, ting, ting. Mwili wake wote uligeuka. Lakini Fundi alikuwa ameshaingia ndani, na Bi Mizani alimsikia kwa mbali akisema, "Nipo, mama, nipo hapa," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajui pa kushika.

"Dada, bosi ananiashiria tuendelee na..."

"Hapo kwenye mitambo yenu kuna kitufe cha kuzima upande mmoja. Mwambie fundi mitambo azime wa kushoto. Chuma tumeshamsikia. Kisha piga ngoma ya nne, kuanzia pale mume anaponyamaza." Alivuta pumzi. "Na yule mama wa kibanda cha nyuma ya kituo cha mafuta, kama redio yako bado iko dirishani, ongeza sauti. Na umwite mwenye saluni."

Simuni kukawa na minong'ono, kiti kikasukumwa, mtu akasema kitu kwa hasira na mwingine akamjibu. Bi Mizani aliivua ile eafoni nyeusi ya kushoto, akaiacha ianguke, akabaki na ile safi.

Cherehani ikaanza kutembea.